Mwalimu Yotamu Mwangoka, Aliyewapima Wapimaji

Imesomwa na dada yake, Tusajigwe, katika maziko ya marehemu, Ilembwe, Ijumaa tarehe 15 Agosti 1958

Baba mchungaji, wazee wetu, walimu, wanafunzi, na ninyi nyote mliopanda mlima huu tangu alfajiri kwa baridi hii: poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Karatasi mlizoshika zimechapwa kwa stensili ya shule. Zimefifia kwa sababu wino ulikuwa unaisha, kwa hiyo mwenye macho mazuri amsomee jirani yake. Aliyetakiwa kusoma hapa ni kaka yetu mkubwa, Eliezeri, karani wa boma. Aliandika hotuba yake, ikawa fupi na safi, na ndani yake marehemu alikuwa "mtumishi mtiifu wa Idara ya Elimu". Nilipoisoma nilimwuliza ni nani huyo aliyekufa, maana mimi simjui. Akanipa kalamu. Ndiyo sababu leo mnamsikiliza mwanamke, na mwenye kununa anune, mlima ni mpana. Nina hasira, na sitaificha ndani ya leso.

Marehemu Yotamu Mwangoka alizaliwa Mwakaleli, wilaya ya Rungwe, tarehe 2 Machi 1918, mtoto wa pili wa marehemu mzee Andendekisye Mwangoka na mama Subilaga, ambaye yuko hapa, ameketi mkekani, na hajala kitu tangu Jumatano. Mama anasimulia kwamba wavulana wa rika lake walikuwa wakila pamoja, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule, kama ilivyo desturi yetu. Mmoja wao, yatima, alikuwa anakula mbiombio, na wenzake wakamtania kwamba ana tumbo la nguruwe. Yotamu alikuwa mdogo, hata meno ya mbele hakuwa nayo. Akawaambia, "Hana ulafi. Kwao hakuna chakula. Mngekuwa ninyi mngekula na sahani." Mama anasema alicheka siku hiyo. Baadaye alielewa kwamba mtoto wake alikuwa ameanza kazi ambayo angeifanya mpaka kufa kwake: kumtazama aliyesemwa vibaya, kisha kugeuka na kutazama nyumba aliyotoka.

Alianza shule ya misheni Mwakaleli mwaka 1927, akamaliza darasa la nne mwaka 1930, akaendelea Rungwe mpaka darasa la nane. Mwaka 1936 alijiunga na chuo cha ualimu na akatoka na cheti mwishoni mwa mwaka 1938. Alifundisha miaka saba katika shule za vijijini huko Rungwe. Mwaka 1946 alichaguliwa kwenda Makerere, Uganda, kuchukua diploma ya ualimu. Alisafiri kwa basi hadi Dodoma, treni hadi Mwanza, meli mpaka ng'ambo ya ziwa. Baba alimsindikiza mpaka kituo cha basi akiwa amevaa kanzu ya kanisani, na watu wa kwetu wakasema mtoto wa Andendekisye amekwenda kuwa Mzungu. Alirudi mwaka 1948 akiwa yule yule, ila alikuwa ameongeza miwani na maswali.

Mwezi Januari 1949 alipangiwa shule ya kati mjini Iringa. Huko alikutana na Benedicta, binti wa mzee Joachim Mhongole wa Kalenga, na wakafunga ndoa tarehe 16 Septemba 1950. Naomba tusipite hapa kwa haraka. Ninyi wa ukoo wetu mlioketi upande huu mnakumbuka mlivyosema. Mlisema Mhehe atamfundisha ugomvi. Mlisema Mkatoliki atamfundisha rozari. Mama yetu mwenyewe, nisamehe mama, aliuliza mwanamke asiyejua kupika ndizi atamlisha mtoto wake kitu gani. Yotamu akamjibu, "Atanilisha ugali, na wewe ukija utakula." Mama alikwenda, akakaa mwezi mzima, akala ugali, akarudi amenenepa. Shemeji Benedicta ndiye aliyemwuguza marehemu mpaka pumzi ya mwisho, wakati wengi wa wale waliomsema walikuwa wanaogopa kuukaribia mlango wa wodi yake kwa ajili ya kikohozi. Leo mmekuja na mablanketi mapya kulia kwa sauti. Karibuni.

Sasa nije kwenye kazi yake, maana ndiyo iliyomwua.

Mnajua kwamba katika nchi hii mtoto anagawiwa shule kwa ngozi. Kuna shule ya mtoto wa Kizungu, kuna ya mtoto wa Kihindi, na kuna ya kwetu, na fungu la serikali linashuka kwa mpangilio huohuo, likifika kwetu limekuwa makombo. Hilo halikumshangaza marehemu. Lililomkera ni maelezo yaliyokuja nalo. Wakubwa walisema watoto wamepewa shule tofauti kwa sababu vichwa vyao ni tofauti. Na sisi wenyewe, badala ya kukataa, tukachukua kisu hichohicho tukaendelea kukatana: Mnyakyusa mwerevu, Mhehe wa vita, Mbena wa jembe, Msangu wa ng'ombe, Msafwa mzito. Walimu wa Kiafrika walikuwa wanayasema hayo chumbani kwao wakinywa chai. Marehemu alikuwa anaweka kikombe chini na kuuliza, "Nani amempima huyo Msafwa, na alimpimia wapi?" Wenzake wakampa jina la Bwana Mapimo.

Akaanza utafiti. Swali lake lilikuwa moja: tofauti ya watoto iko kichwani mwao, au iko katika chumba walichowekwa? Aliliita "Chumba na Kichwa". Njia yake ilikuwa kwenda na kukaa nyuma ya darasa, kunyamaza, na kutazama somo lilelile likifundishwa katika shule za namna tatu. Shule ya Wahindi walimkaribisha, mwalimu mkuu akamvutia kiti na kumletea chai ya maziwa. Shule ya Wazungu huko Iringa walimwambia mlangoni kwamba wageni wa Kiafrika hupokelewa jikoni.

Marehemu alikuwa na rafiki, fundi seremala Filemoni, ambaye alikuwa anatengeneza madirisha ya shule ile. Filemoni yuko hapa, amesimama pale na kofia mkononi. Kaka alimwambia, "Fundi, kesho una msaidizi." Mtu mwenye diploma ya Makerere alivua tai, akavaa kaptula iliyochanika, akabeba mbao begani, na kwa siku kadhaa alikuwa akipiga randa nje ya dirisha la darasa. Filemoni anasema alikuwa msaidizi mbaya kuliko wote aliowahi kuwa nao, kwa sababu kila mwalimu alipoanza kufundisha, randa ilisimama.

Aliyoyaona aliyasimulia mezani kwake nami nikiwapo. Chumba kilikuwa na vioo, jiko la kuotea moto, ramani ya dunia, na kila mtoto alikuwa na kitabu chake. Mtoto mmoja wa kiume, mwenye nywele za rangi ya mahindi, alishindwa hesabu ya kugawanya. Akashindwa tena. Akaanza kulia. Mwalimu wake akavuta kiti, akaketi kando yake, akamchorea maembe na vikapu, mpaka mtoto akapata. "Tusa," kaka aliniambia, "nilifurahi mtoto yule alipopata. Nilitaka kupiga makofi na randa mkononi. Halafu nikakumbuka. Mtoto wa kwetu akishindwa kugawanya, wanaandika kabila lake. Huyu aliposhindwa, hakuna aliyeandika kwamba Wazungu hawawezi kugawanya. Walivuta kiti."

Hayo ndiyo maandishi yote ya "Chumba na Kichwa", ukiyabana. Mengine ni ushahidi.

Ilembwe hii aliisikia akiwa Iringa. Mwaka 1954 shule yetu ya darasa la kwanza hadi la nne ilikuwa imeahidiwa darasa la tano, ili watoto wa mlimani wasilazimike kwenda kulala mbali au, kama ilivyo kwa wengi, wasiache kabisa. Mwezi Novemba alikuja Inspekta kuwapima watoto wa darasa la nne kwa mdomo: kusoma kwa sauti na hesabu za kichwa, mmoja mmoja, wamesimama mbele. Wazee wa hapa, Wasafwa kwa Wanyakyusa, walitaka Inspekta aone kwamba shule hii inapendwa. Wakavaa makoti. Wakabeba mabenchi ya kanisani wakayapanga mbele kabisa, kando ya meza ya Inspekta, wakaketi wote, wanene na wembamba, mikono juu ya fimbo. Hawakuwa na nia mbaya hata chembe. Walidhani wanaipa shule heshima.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Damari, mtoto wa Kinyakyusa, aliyekuwa wa kwanza darasani katika hesabu tangu la kwanza. Alikuwa ameshachumbiwa na Didas, mwana wa mzee Jailos. Wageni mliotoka mbali labda hamjui: kwetu msichana akishachumbiwa hawezi kusimama mbele ya baba mkwe. Hamtazami, hamkaribii, akimwona njiani anajifunika na kuacha njia. Ndiyo adabu yenyewe, anafundishwa kabla ya herufi. Damari aliinua macho, akamwona mzee Jailos katikati ya benchi. Akajifunika kichwa kwa kanga, akatoka nje mbio. Akaitwa msichana wa pili, naye ameshachumbiwa. Baba mkwe wake naye alikuwa amejaa pale benchini na koti lake. Akatoka. Wavulana walibaki, lakini mvulana wa hapa hawakazii macho wazee wa nchi nzima akawapigia kelele za majibu. Waliinamisha vichwa wakajibu kwa sauti ya kuambiana siri. Inspekta hakusikia, na hakuuliza. Mkalimani wake, mtu wa mbali, naye hakuuliza.

Aliandika kwamba watoto wa mlima huu ni wazito, wasichana wao hawafundishiki, na mchanganyiko wa makabila umewashusha hata wale waliotazamiwa kuwa na uwezo kidogo. Darasa la tano likafutwa.

Nawauliza, ninyi wazazi wa Kinyakyusa wa hapa: mlisema nini siku ile? Baadhi yenu mlisema, "Watoto wetu wameponzwa na Wasafwa." Badala ya kumwuliza Inspekta, mkamgeukia jirani. Na Wasafwa wakasema, "Wamekuja hapa kutuharibia shule." Mliacha kusalimiana kisimani. Kazi aliyoifanya Inspekta kwa asubuhi moja, ninyi mliiendeleza miezi mitano bila mshahara.

Marehemu aliomba uhamisho kutoka Iringa mjini kuja hapa, na akafika Januari 1955. Watu walidhani amepungukiwa akili. Mimi nilikuja mwezi wa pili kumsaidia shemeji Benedicta aliyekuwa amejifungua Apolonia, nikabaki, nikapewa darasa la kwanza. Kwa hiyo ninayosema sasa niliyaona.

Alimwita Damari na mama yake barazani. Msichana alikaa pembeni akichezea upindo wa kanga.

"Siku ile kwa nini ulitoka, mwanangu?"

"Mwalimu, ningefanyaje? Tata mkwe alikuwa amekaa palepale."

"Na swali lilikuwaje?"

"Sikulisikia. Niliona viatu vyake tu."

Kaka akamwuliza swali lile lile la Inspekta, hesabu ya magunia ya pareto yanayogawiwa kwa malori. Damari alijibu kabla hajamaliza kuuliza. Mama yake akacheka, akaziba mdomo, kisha akaanza kulia.

Jioni kaka akamfuata mzee Jailos. Mzee, najua uko hapa, na umeniruhusu niseme. Walikaa kwenye magogo mbele ya nyumba yetu, nami nilikuwa napepeta maharage.

"Mzee, siku ya mtihani uliketi wapi?"

"Mbele. Nilivaa koti la ubatizo. Tulitaka yule Inspekta ajue shule hii ina wenyewe."

"Damari alipoingia?"

Mzee akatazama fimbo yake. "Gwe, Mwalimu," akasema, "basi ni mimi niliyewafungia watoto mlango?"

"Hapana, mzee. Wewe uliketi tu. Aliyeandika ni mwingine."

Baba mchungaji amehubiri mara nyingi kuhusu rehema. Mimi nimeiona siku ile tu. Kaka yangu angeweza kumponda mzee yule kwa neno moja, na hakumponda. Hasira yake yote aliihifadhi kwa mwenye kalamu.

Mwezi Aprili 1955 aliwapima upya watoto wale wale kwa maswali yale yale. Aliwaita mwalimu wa shule ya jirani na mchungaji wawe mashahidi. Mzee Jailos aliwaongoza wazee wote, akawashusha mpaka Uyole sokoni, wakashinda huko wakinywa togwa mpaka jua lilipoelekea milimani. Watoto wakapimwa. Wakafaulu. Wasafwa wakafaulu, Wanyakyusa wakafaulu, wasichana wakafaulu, na Damari akawa wa kwanza. Wazazi walipanda kutoka kila upande, wakakutana uwanjani, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba mama wa Kisafwa na mama wa Kinyakyusa waliimba pamoja. Kaka alisimama kwenye ngazi ya shule akifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Akapeleka maelezo yake yote kwa wakubwa wa elimu. Jibu lilikuja fupi: kazi ya mwalimu ni kufundisha, si kuwapima wapimaji. Darasa la tano halikurudi. Damari alikaa nyumbani mwaka mmoja akingoja, na mwaka 1956 akaolewa. Hakuna anayewalaumu watu wa Didas; msichana atakaa akingoja nini? Leo Damari yuko hapa, na mtoto mgongoni. Amesimama nyuma kabisa, kule kwenye mikaratusi, amejifunika, kwa sababu baba mkwe wake yuko karibu na kaburi. Bora amekuja.

Desemba 1956 marehemu aliisoma "Chumba na Kichwa" mbele ya mkutano wa walimu wa Kiafrika huko Iringa. Alisoma kwa Kiswahili makusudi, ingawa aliiandika pia kwa Kiingereza, ili hata wahudumu waliokuwa wanagawa chai wasikie. Alipofika kwenye habari za Ilembwe, walimu walisimama. Wale wale waliomwita Bwana Mapimo walimpigia makofi mpaka akashindwa kuendelea.

Januari 1957 akahamishwa. Hawakumfukuza, kufukuza kungehitaji kutaja kosa. Walimpeleka katika shule ndogo ya bondeni, mbele ya Chimala, nyumba ya nyasi katikati ya mpunga, maji mpaka mlangoni wakati wa masika, mbu kama mchanga. Mtu aliyezaliwa Mwakaleli na kuzoea baridi. Walijua. Shemeji na watoto walibaki hapa kwa sababu ya mtoto mchanga. Huko bondeni alifundisha watoto wa Kisangu, na barua zake zilikuwa na furaha, zikisema kwamba nao si wa ng'ombe tu, wana mmoja anayepiga hesabu kuliko yeye.

Kikohozi kilianza Oktoba 1957. Aliomba likizo ya ugonjwa, akaambiwa amalizie muhula. Aprili 1958 alianza kutema damu. Filemoni ndiye aliyemchukua, kwa lori la mpunga, mpaka hospitali moja hapa jimboni ambayo sitaitaja kwa sababu Eliezeri ananitazama. Mashine ya kupiga picha kifua ilikuwa katika jengo la Wazungu, na mgonjwa Mwafrika aliingizwa huko pale tu ilipokuwa haina kazi. Alingoja. Alilala kwenye mkeka kati ya vitanda viwili, akiwa na sweta yangu shingoni. Nilimkuta akimwuliza mgonjwa wa kando maswali: anatoka wapi, alingoja siku ngapi, aliambiwa nini. Nilimwambia anyamaze, atumie pumzi kwa kupumua.

Akacheka, akakohoa. "Tusa, kumbe hata kikohozi wanakigawa."

"Nyamaza, kaka."

"Nikinyamaza nitapona?"

Picha ilipopigwa, daktari alisema mapafu yote mawili yalikuwa yameshaliwa. Dawa zilianza. Wauguzi wa Kiafrika walimtunza vizuri, nawashukuru mbele ya watu wote. Walimletea uji kutoka majumbani mwao. Marehemu aliaga dunia Jumatano tarehe 13 Agosti 1958, saa kumi na moja alfajiri, mkewe Benedicta akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini.

Watu wananiambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni mkristo na ninamwogopa Mungu, kwa hiyo sitamsingizia. Mungu hakumhamishia bondeni. Mungu hakuiweka ile mashine upande mmoja wa ukuta. Yaliyofanywa na watu tuyaite ya watu.

Ofisi ya elimu imeleta shada la maua. Aliyelileta ni dereva, hana kosa, tumempa chai na viazi. Shada nimeliegemeza kwenye ukuta wa choo cha shule, na litakaa hapo. Mwezi Juni, kaka akiwa amelala kwenye mkeka ule, wazee wa hapa waliomba tena kibali cha darasa la tano. Wamekataliwa tena, na sababu iliyotolewa ni taarifa ile ile ya mwaka 1954, kwamba watoto wa mlima huu ni wazito. Mwanaume aliyeithibitisha kuwa uongo amelala mbele yenu ndani ya sanduku alilolitengeneza Filemoni, na uongo bado unakwenda kazini kila asubuhi. Fanueli, mdogo wake Damari, yuko darasa la nne mwaka huu. Yeye na wenzake watamaliza Novemba. Desemba watapewa majembe.

Marehemu ameacha mama Subilaga, mjane wake Benedicta, watoto watatu, Liberatus, Apolonia na Andendekisye, ambaye bado ananyonya, kaka yake Eliezeri, nami dada yake Tusajigwe, baba mkwe, mzee Joachim Mhongole, aliyesafiri kutoka Kalenga na miguu yake mibovu, nakusalimu kwa Kihehe, kamwene baba, pamoja na wanafunzi aliowafundisha Rungwe, Iringa, hapa Ilembwe na bondeni Chimala. Ameacha pia "Chumba na Kichwa". Atakayetaka kusoma aje nyumbani kwangu. Mlango hauna rangi.

Neno la mwisho. Mila yetu inasema majembe yaliyochimba kaburi yaoshwe, kila mtu achukue lake arudi kwao, na msiba ukae. Leo naomba yasioshwe. Mzee Jailos ametoa kiwanja cha kujenga darasa la tano, kule juu ya shamba lake la pareto. Jana alikwenda mwenyewe akazungushia kamba. Mawe ya msingi yako mtoni, yanangoja migongo. Kibali hatuna. Watakuja kulifunga, najua, na Eliezeri huenda akapoteza kazi boma kwa kuwa na dada kama mimi. Nilimwuliza jana. Akasema matofali atalipia yeye. Ndugu yangu, nimekusema sana katika karatasi hii, na hilo nalo liandikwe.

Wakija kufunga darasa la tano, watukute ndani, Msafwa na Mnyakyusa benchi moja, na wazee nje. Mzee Jailos ameshasema atakaa barabarani na fimbo yake, mgongo ameugeuzia dirisha, ili mwanamke yeyote wa nyumba yake anayetaka kuingia na kumaliza alichokianza aingie.

Kaka yangu Yotamu, Mwalimu, alale salama. Amechoka kwa haki. Tukimaliza kumfukia, wenye majembe mnifuate kiwanjani. La kwanza nalishika mimi.